Sikio la Meneja

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo saa tisa tukiwa darasani. Ilianzia juu ya bati la jiko la shule, ikaja inatembea mpaka kwetu. Mwalimu akaacha kufundisha kwa sababu hasikiki, nami nikashukuru kimoyomoyo, maana zamu ya kusoma kwa sauti ilikuwa imebakiza watu wawili inifikie.

Mvua ikianza, mimi huanza kuhesabu siku. Mama alisema mvua zikiisha atakuwa amekuja. Huu ni mwaka wa nne anasema hivyo. Yuko nchi nyingine, anamlea bibi mmoja mgonjwa katika nyumba ya watu. Lakini safari hii alisema mara mbili kwenye simu moja, halafu akaongeza, "Siku yako ya kuzaliwa itanikuta hapo, Kidoti." Kidoti ni mimi, kwa sababu ya alama yangu chini ya jicho. Siku yangu ni Alhamisi tarehe 24 Aprili. Nimeiandika humu ili nisiiandike kwenye kalenda ya jikoni, Mamdogo asije akaiona akaanza kunionea huruma.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Soksi zangu zimekauka nyuma ya oveni na sasa zinanukia vanila. Darasani waliniuliza nimejipaka nini. Nikaificha miguu chini ya dawati.

Jumamosi, 8 Machi

Leo imekuja oda ambayo sijawahi kuiona.

Niandike kwanza tunavyoishi, maana siku moja nitasoma daftari hili nikiwa mzee na nitakuwa nimesahau. Mamdogo ni mdogo wake mama, na sebule yake si sebule, ni karakana. Makochi aliyauza akanunua meza ndefu. Kuna oveni mbili, rafu ya makopo ya kuokea, na kiti kimoja cha mgeni ambacho kila anayekikalia huinuka amejaa unga makalioni. Anaoka keki za maumbo: mpira, kiatu, gitaa, kitabu kilichofunguliwa. Mimi hufanya mambo madogo madogo, kama macho, vifungo na majani.

Mzee wa Mayai, anayetuletea mayai kila wiki, alikuwa anahesabu trei zake mlangoni. Akaingia Bibi Mkunga, mwavuli unavuja. Amestaafu, lakini nusu ya mtaa huu imepitia mikononi mwake, mimi nikiwemo, na hutembea kama anayekagua kazi yake.

"Shikamoo bibi," nikasema kwa ile sauti yangu ambayo mende tu ndio huisikia.

"Marahaba mjukuu wangu. Umerefuka. Sauti ndiyo imebaki wodini." Akakaa kwenye kiti cha unga. "Nataka keki ya Meneja."

"Meneja wa benki?" Mamdogo akauliza.

"Meneja wa kwangu. Paka. Anatimiza miaka kumi na sita tarehe ishirini na sita mwezi ujao. Nimezalisha watu elfu na zaidi, kila mmoja ameshakatiwa keki. Yeye hajawahi."

Mzee wa Mayai akapoteza hesabu ya trei zake. "Bibi, na panya wataalikwa?"

"Wataalikwa. Na wewe utakaa nao meza moja, mna mengi ya kuzungumza."

Mamdogo hakucheka. Mteja akiwa mbele yake huwa daktari. Akachomoa penseli kwenye kilemba. "Amesimama, amekaa au amelala?"

"Amejikunja. Miguu ndani, kama mkate."

Bibi akatoa simu amwonyeshe picha, na Mamdogo akairudisha taratibu kwa kidole kimoja. Nilijua atakachosema, maana hukisema kila mara: "Picha haina mgongo." Ndiyo sheria ya nyumba hii. Hatuoki kitu ambacho hatujakiona kwa macho, mbele na nyuma. Keki ya ng'ombe ilipokuja alikwenda kusimama zizini saa nzima na viatu vyake vizuri.

"Nitamtuma huyu binti aje kumchora," akasema. "Huyu ndiye mwenye macho hapa."

Nilitamani niingie kwenye pipa la unga nijifunike.

Jumapili, 9 Machi

Jumapili ni siku ya mama. Hupiga kwa video saa kumi, yule bibi anayemlea akiwa amelala. Huishika simu karibu sana, kwa hiyo namwona paji la uso, macho na pua kidogo. Wakati mwingine nasahau kama ana mikono.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Shule?"

"Nzuri."

"Unahitaji kitu?"

"Hapana, mama. Tuko salama."

Halafu simu huenda kwa Mamdogo, na wao wanacheka, na mimi nasikiliza kicheko cha mama nikiwa nimegeukia sinki.

Naungama hapa kitu ambacho hakuna anayekijua. Kwenye kurasa za mwisho za daftari hili nimechora keki ya kumpokea mama. Ni mama mwenyewe, amesimama, gauni la bluu, nywele zimesukwa kwenda nyuma. Nimeichora kutoka kwenye picha ya siku aliyoondoka. Nimeirudia mara kumi na moja. Simwonyeshi Mamdogo kwa sababu najua atasema nini.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemwona Meneja.

Ni paka wa kijivu mwenye mistari, mnene, na ana uso wa mtu uliyechelewa kumletea ripoti. Sikio la kushoto limechanika mpaka katikati, kama biskuti iliyong'atwa. Analala juu ya mashine ya kushonea iliyofunikwa kitambaa, na Bibi Mkunga hashoni tena kwa sababu hathubutu kumwondoa.

Nyumba ni ya vyumba viwili, safi kama zahanati. Taulo zote zimekunjwa pembe kwa pembe. Bibi alinipa chai, akanipa kigoda, akaendelea na mambo yake huku akiongea na paka. "Meneja, mgeni wako huyo. Meneja, mvua hii itatuoza." Nikajisemea, maskini, uzee umemwingia kichwani.

Nilichora nusu saa. Akaja kuchungulia. "Unachora au unaomba msamaha? Hiyo penseli haigusi hata karatasi."

Meneja alinitazama muda wote bila kupepesa. Ni mara ya kwanza kutazamwa hivyo na nisione haya.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Nguo hazikauki. Sukari imeshikana kwenye kopo kama jiwe.

Ijumaa, 21 Machi

Insha ya Kiingereza imerudi. Mada ilikuwa "Mama yangu". Nimepata kumi na nane kwa ishirini. Mwalimu akaisoma mbele ya darasa: mama yangu hunisubiri kila jioni mlangoni, mama yangu hunisuka Jumamosi, mikono yake inanukia sabuni ya maua. Wote wakanigeukia na mimi nikatazama dawati.

Nimefikiri njia nzima kwa nini niliweza kuandika vile bila machozi. Nadhani Kiingereza kwangu ni kama nguo za shule. Nikizivaa, anayeongea ni mwanafunzi. Uongo nikiuandika kwa lugha hiyo hauniumi. Kwa Kiswahili nisingevuka sentensi ya kwanza.

Jumamosi, 22 Machi

Leo nilikwenda kwa ajili ya mgongo. Meneja hakutaka kugeuka, ikabidi nihame mimi na kigoda changu. Mgongo wake una bonde katikati, na mistari haikutani sawasawa, imekosana kidogo kama shati lililofungwa vifungo vibaya. Kwenye picha ya simu hayo hayaonekani.

"Mshike," Bibi akasema. "Utajuaje uzito wake kwa macho?"

Nikamwinua. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Unene wake wote ni manyoya. Chini yake kuna mzee mdogo mwenye mifupa.

"Mama yako hakupiga kelele alipokuzaa," Bibi akasema ghafla, anakunja taulo. "Wengine wanaita mpaka mababu. Yeye kimya. Nikamwambia, mwanangu, lia, ni haki yako. Akasema, nisije nikawasumbua. Ninyi ni ukoo wa kunyamaza, mjukuu wangu. Sijui mnadhani mkinyamaza mtapewa cheti."

Sikujua la kujibu, kwa hiyo nilinyamaza. Akacheka mpaka akaketi.

Njiani nimewaza kwamba huenda hajachanganyikiwa hata kidogo. Huenda anaongea na paka kwa sababu paka ndiye aliyepo.

Jumapili, 30 Machi

Mama anasema atajua kuhusu likizo katikati ya Aprili. Nikasema sawa. Nikamwambia kuhusu keki ya paka, akacheka, na simu ikatikisika, nikaona kitu cheupe kando ya paji lake la uso. Nikadhani ni mwanga.

Jumatano, 9 Aprili

Tumejaribu kichwa. Aisingi ya kukanda, ile ngozi ya sukari tunayoivisha keki, haipendi mvua. Hewa ikiwa na maji, sukari inatoka jasho, kisha inalegea, kisha inateleza. Tulimwacha Meneja wa majaribio mezani dakika arobaini, tuliporudi shavu moja lilikuwa limeshuka mpaka shingoni.

Mzee wa Mayai akamzunguka, mikono nyuma. "Huyu si meneja. Huyu ni mstaafu."

Mamdogo hakukata tamaa. Ameagiza feni ya pili, na ameongeza unga wa mahindi kwenye aisingi. Amesema siku yenyewe tutaivisha ngozi saa za mwisho kabisa. Huwa namwona mkali. Leo nilimkuta amesimama peke yake mbele ya kichwa kile kilichoporomoka, anakipulizia kwa mdomo, taratibu, kama anayepuliza kidonda cha mtoto.

Jumapili, 13 Aprili

Mama: bado hajajua. Zimebaki siku kumi na moja. Mvua haionyeshi dalili ya kuisha, na kwa mara ya kwanza sitaki iishe. Maana ikiisha na yeye hajaja, nitahesabu nini?

Jumapili, 20 Aprili

Amepiga saa kumi kasoro. Mama kupiga mapema si dalili njema.

"Kidoti."

"Abee, mama."

"Umekula?"

"Nimekula."

Nyuma yake nikasikia kengele ndogo, ile ambayo yule bibi mgonjwa huigonga akitaka maji. Hakuinuka. Akasema hali ya yule bibi imekuwa mbaya, watoto wake wamemwomba asiondoke sasa, wameongeza mkataba, na wamekuwa wema kwake, atawaambiaje. Akasema labda mwisho wa mwaka. Akasema kama si mwisho wa mwaka, basi mvua za mwakani zikiisha. Alisema yote haraka, kama mtu anayebandua plasta.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha unga. Nilitazama vidole vyangu. Kuna sentensi ilikuwa imesimama kooni, naijua, nimeishi nayo miaka minne. Ni fupi. Mtoto wa miaka miwili anaweza kuisema. Nikaisikia inapanda, na nikasikia sauti yangu ile ya nguo za shule ikisema:

"Sawa, mama. Usijali. Sisi tuko salama."

"Hujakasirika?"

"Hapana. Hata hivyo nina mitihani."

Akashusha pumzi. Niliisikia, ndefu, ya mtu aliyetua mzigo. Akaniita mtoto wangu mkubwa, mtoto wangu mwenye akili. Nikampa Mamdogo simu.

Nimeosha makopo yote ya kuokea. Yalikuwa masafi. Mamdogo akaja, akasimama mlangoni, akasema, "Mwanangu." Nikasema, "Naam." Akasubiri. Mimi nikaongeza sabuni. Mwisho akachukua kitambaa, akaanza kukausha yale niliyoosha, tukamaliza rafu nzima bila neno. Bibi Mkunga angetupa vyeti wote wawili.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimetimiza kumi na sita. Mamdogo aliniwashia mshumaa kwenye kikeki kidogo cha kikombe. Mama ametuma ujumbe wenye maua mengi. Mvua.

Ijumaa, 25 Aprili

Leo Mamdogo alikuwa na keki ya harusi, ghorofa tano, na ilibidi aende nayo mwenyewe, maana bwana harusi ana mashemeji wanaopenda kugusa vitu. Kabla hajaondoka tulikuwa tumeshaoka tabaka za Meneja, tumezibandika kwa krimu ya siagi na kumchonga umbo kwa kisu cha meno. Alikuwa uchi, wa kahawia, ila ni yeye. Bonde la mgongo lilikuwepo.

"Ngozi na uso nakuachia wewe," Mamdogo akasema. "Unamjua kuliko mimi."

Alipoondoka tu umeme ukakatika. Feni zote mbili zikafa. Nikafungua madirisha, mvua ikaingia, nikayafunga. Nikasukuma aisingi ya kijivu, nikamvika, nikawa nampepea kwa daftari la hesabu kwa mkono mmoja na kumlainisha kwa mwingine. Mistari niliipaka kwa brashi. Masharubu ni tambi mbichi nilizozipaka rangi. Macho niliyafanya asubuhi na yalikuwa yamekauka vizuri. Nilipoyaweka, akanitazama. Kweli alinitazama, kama siku ile.

Kisha nikafika kwenye masikio. La kulia nikalibandika. La kushoto nilikuwa nalo kiganjani, nimeshika kisu kidogo cha kuchania. Nilikuwa na michoro sita ya mpasuko ule, najua unapoanzia na unapoishia.

Sikuchana.

Naandika ukweli: sikusahau. Nilifanya kusudi. Nilimtazama pale mezani, amejikunja, mzima, bila mifupa, bila miaka, nikaona sina moyo wa kumtia kidonda. Nikasema Bibi wa watu ana paka mmoja tu duniani, kwa siku moja amwone hajaumia. Nikalilainisha sikio kwa kidole kilicholowa maji mpaka likang'aa. Na nilipokuwa nalilainisha nilijisikia vizuri, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Halafu, nikingoja lishike, nikafungua kurasa za mwisho za daftari hili na kumchora mama mara ya kumi na mbili.

Jumamosi, 26 Aprili

Mamdogo alirudi amechoka, akaikagua keki kwa kuizunguka mara moja. Kidole chake kikasimama hewani juu ya sikio la kushoto. Akanitazama. Nikatazama sakafu. "Haya," akasema. "Wewe ndiye uliyekwenda kumwona."

Tukaipeleka kwa gari la jirani, mimi nimeipakata, sanduku magotini, na kila shimo la barabara nililisikia tumboni.

Kwa Bibi Mkunga kulikuwa na watu saba. Wanawake wanne aliowazalisha, wawili kati yao nao walizaliwa mikononi mwake. Mzee wa Mayai, amevaa tai. Sisi wawili. Meneja mwenyewe alikuwa juu ya mashine yake, na mbele yake kisahani cha dagaa, maana keki si chakula cha paka.

Sanduku likafunguliwa, watu wakasema aaa. Mzee wa Mayai akasema huyu sasa amerudishwa kazini. Wanawake wakatoa simu wapige picha. Bibi Mkunga yeye aliacha simu mfukoni. Alivaa miwani. Akainama. Akaizunguka meza, akarudi alipoanzia.

"Mzuri sana," akasema. "Lakini huyu si wangu."

Mamdogo akafungua mdomo, Bibi akamwinulia mkono.

"Mjukuu wangu. Hili sikio umelisahau?"

Ningeweza kusema ndiyo. Watu wote walikuwa wamenigeukia, na lile neno lilikuwa tayari limevaa nguo za shule. Lakini Meneja alikuwa ananitazama.

"Sikulisahau, bibi. Nililiponya."

Hakukasirika. Akaketi kwenye kigoda changu, kile kigoda cha kuchorea, akaongea nami kana kwamba wale wengine wamekwenda nyumbani.

"Ulikuwa na siku mbili. Mvua kama hii. Mama yako alikuwa kitanda cha dirishani. Wodi nzima imelala jioni ile, mvua inapiga bati, mtu hasikii hata mawazo yake. Mama yako akashuka kitandani, na nyuzi zake, hawezi kunyooka, akanifuata ofisini. Akasema, Sista, kuna mtoto analia nje. Nikatoka na taa. Nikakuta katoto ka paka kamenasa sikio kwenye wavu wa dirisha, kananing'inia. Nikarudi nikamwambia, lala mama, ni paka. Akasema, najua ni paka. Siwezi kulala mtoto wa mtu analia."

Nilikuwa sijawahi kusikia habari hiyo. Mamdogo naye, nilimwona, hakuwahi.

"Nikaukata wavu kumtoa. Sikio likachanika mikononi mwangu, hapo. Mama yako akamweka kifuani upande huu, wewe upande huu, mpaka asubuhi. Alipotoka akaniachia mimi, maana mikono yake ilikuwa imejaa." Akaligusa sikio la keki. "Lisingenasa asingelia. Asingelia, tusingejua yupo. Sasa wewe umeniletea paka ambaye hakulia. Nitamjuaje?"

Akainuka, akafungua kabati, akatoa mkasi mdogo uliofungwa kwenye kitambaa cheupe.

"Nimeuchemsha juzi tu, mazoea. Huu ndio uliokukata kitovu. Haya. Fanya."

Mzee wa Mayai akanong'ona kwamba yeye kipande chake kitoke upande wa mkia.

Nikaushika mkasi, nikachana sikio kutoka ukingoni mpaka katikati, kwa mpindo ule ninaoujua. Kipande kidogo kikadondoka kiganjani mwangu. Bibi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ee," akasema. "Meneja. Njoo ujione."

Watu wakacheka, wakakata, wakala. Paka alikula dagaa wake akalala. Mimi nilikuwa nimesimama na kipande cha sikio mkononi kinaanza kutoka jasho, na nilikuwa nawaza jambo moja tu. Mwanamke aliyeshuka kitandani na nyuzi zake kwa sababu mtoto wa paka analia, kila Jumapili analala usingizi wake salama, kwa sababu mimi namwambia nimekula.

Jumapili, 27 Aprili

Saa kumi. Paji la uso, macho, pua.

"Umekula?"

"Sijala."

Nadhani hakutegemea. "Kwa nini hujala, Kidoti?"

Sentensi ile ilikuwa kooni. Haikutoka. Kilichotoka ni kilio, kibaya, chenye kamasi, cha kelele. Kwa kawaida ningeweka mkono juu ya simu. Sikuweka. Mamdogo alikuwa anapima unga, akaacha, lakini hakuja. Alibaki pale na kijiko hewani, akaniacha nilie.

"Mwanangu. Mwanangu, unaumwa?"

"Nakutaka," nikasema. "Sitaki kuambiwa mvua zikiisha. Mvua zimeisha mara tatu. Sijawahi kuwa salama hata siku moja, nilikuwa nasema tu. Nakutaka wewe."

Akawa anaita jina langu, jina langu lenyewe, si Kidoti. Kengele ya yule bibi ikalia kwa mbali, akasema kwa sauti, si kwangu, "Nakuja, dakika moja, nina mtoto analia hapa."

Nikajifuta kwa aproni. Nikasema, "Mama, weka simu mbali. Nataka kukuona."

"Si unaniona?"

"Naona uso. Geuka. Nataka kuona mgongo."

Picha ikayumba, nikaona dari, kabati, akaiegemeza simu kwenye kitu. Akarudi nyuma hatua tatu. Nilikuwa sijamwona mzima kwa miaka minne. Amekonda. Lile jeupe halikuwa mwanga, ni mvi, upande mmoja wote. Nywele hazijasukwa, amezikata. Kisha akageuka, taratibu, kama mtoto anayepimwa nguo. Bega la kulia liko chini ya la kushoto, nadhani kwa kumwinua yule bibi kila siku. Mgongo una bonde. Nikaona kamba za aproni zimefungwa vibaya, na nikaona mabega yanatikisika, na ndipo nilipojua kwa nini hageuki kurudi.

Si mama wa kwenye picha. Nilimtazama sana. Ni wangu.

Ijumaa, 9 Mei

Mama amewaambia watoto wa yule bibi. Hawakufurahi, lakini wametafuta mtu. Atafika Jumamosi tarehe 14 Juni, saa nane mchana. Ametaja mpaka saa. Hakutaja mvua. Kasema haji na zawadi, mizigo itamlemea bega, nikasema afadhali.

Mimi mwenyewe nimeandika tarehe hiyo kwenye kalenda ya jikoni, kwa kalamu nyekundu, juu ya oda ya keki ya gitaa.

Jioni nilimwonyesha Mamdogo kurasa za mwisho. Mama kumi na wawili, gauni la bluu. Alizipitia zote, moja moja, bila kuniambia kuhusu picha na migongo. Nje ilikuwa inanyesha. Akachomoa penseli kwenye kilemba, akafungua ukurasa mpya, akanisogezea.

"Haya, mwenye macho. Tunamwoka vipi? Amesimama au amekaa?"

Nikaifunga penseli ndani ya daftari.

"Bado," nikamwambia. "Mpaka nimwone."